Faini ya Sifuri: Lugha ya Programu Inapobadili Maana ya Msimbo wa Zamani

Mapema mwaka 2023 nilipigiwa simu na mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho nilikiandikia mfumo wa kumbukumbu za wanachama mwaka 2016. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii faini ya sifuri ni faini gani?" Alikuwa ameshika risiti ya mwanachama aliyelipa rejesho lake bila kuchelewa hata siku moja, na chini ya kiasi kilicholipwa palikuwa pamechapwa mstari unaosomeka "Faini: 0.00". Mstari huo peke yake usingemsumbua mtu. Lakini kanuni ya chama inamzuia mwanachama aliyetozwa faini ndani ya miezi mitatu asiombe mkopo mpya, na mfumo wangu uliitekeleza kanuni hiyo kwa kuangalia tu kama namba ya mwanachama imo kwenye jedwali la faini, bila kujali ni faini ya kiasi gani. Kwa hiyo watu waliokuwa wakilipa vizuri kuliko wote walikuwa wanafika dirishani kuomba mkopo na kuambiwa kwamba hawastahili.

Nilifungua faili linalopokea marejesho nikakuta halijaguswa kwa miaka mingi. Hifadhidata ilikuwa nzima, na kumbukumbu za hitilafu hazikuwa na mstari hata mmoja unaohusu malipo. Kilichonipa mwanga ni jambo ambalo mhasibu alilisema kama la pembeni tu, kwamba wanachama wanaohudumiwa dirisha la kwanza hawapati tatizo hilo, ila wale wa dirisha la pili. Nikamwomba awatazame makarani wawili wakiwa kazini. Karani wa dirisha la kwanza, mwanachama asipokuwa na faini, huandika 0 kwenye kisanduku cha faini. Karani wa dirisha la pili hukiacha kitupu. Wote wawili walikuwa wamefanya hivyo tangu mfumo uanze kutumika, na kwa muda wote huo matokeo yalikuwa yaleyale.

Mstari uliokuwa ukiamua mambo ni huu:

if ($faini == 0)

Maana yake, kwa jinsi nilivyouandika, ni kwamba kama faini ni sifuri basi usirekodi chochote, vinginevyo igeuze kuwa namba na uiingize kwenye jedwali. Mfumo umeandikwa kwa PHP, lugha ya programu inayotumika kwenye tovuti nyingi, na katika PHP yote hadi toleo la 7.4, kisanduku kitupu kikilinganishwa na namba 0 kwa alama mbili za usawa, jibu lilikuwa ni kweli, kwa sababu lugha iliyageuza maandishi kuwa namba kwanza, na maandishi matupu yakigeuzwa kuwa namba hutoa sifuri. Kuanzia toleo la 8.0, lililotoka tarehe 26 Novemba 2020, jibu la swali hilohilo ni si kweli. Sasa maandishi yasiyo na sura ya namba hayageuzwi tena. Ni namba ndiyo inayogeuzwa kuwa maandishi, na "0" si sawa na kitupu. Karani wa kwanza alinusurika kwa sababu "0" ina sura ya namba, na kwa maandishi ya namna hiyo kanuni haikubadilika. Kampuni inayohifadhi tovuti za chama ilikuwa imehamisha seva zake kutoka 7.4 kwenda toleo la 8, baada ya 7.4 kuacha kupewa marekebisho ya usalama mwishoni mwa Novemba 2022. Kampuni haikukosea kufanya hivyo. Kubaki kwenye toleo lisilozibwa mianya ni hatari kubwa zaidi, hasa kwa mfumo unaoshika fedha za watu.

Niseme mapema kwamba mabadiliko yenyewe ninayaunga mkono. Kanuni ya zamani ilikuwa na madhara ambayo yeyote aliyeandika PHP kwa muda ameyaonja: neno lolote lisiloanza na tarakimu, liwe "ndiyo", "hapana" au jina la mtu, lilikuwa sawa na sifuri. Mtu aliyelinganisha neno la siri la muda na kitu kilichotumwa na mtumiaji kwa alama mbili za usawa alikuwa ameacha mlango wazi, kwa sababu mshambuliaji angeweza kutuma namba 0 badala ya maandishi, na kama neno lile lilianza na herufi, lugha ingesema vitu hivyo viwili ni sawa. Nikita Popov, aliyependekeza kanuni mpya, alikuwa anatibu ugonjwa wa kweli, na pendekezo lake lilipita kwa kura kama utaratibu wa lugha hiyo unavyotaka, yaani theluthi mbili ya wapiga kura. Hata ukanushaji wa kisanduku kitupu kuwa sifuri ni sahihi ukiutazama peke yake: kutoandika kitu ni tofauti na kuandika sifuri. Kosa la kuyachanganya hayo mawili lilikuwa langu, na lugha ilinivumilia kwa miaka saba.

Kinachonishughulisha ni namna msimbo wa zamani, yaani maandishi ya programu zilizokwisha kuandikwa, ulivyoarifiwa, au tuseme ulivyokosa kuarifiwa. PHP 7.4, toleo la mwisho kabla ya mabadiliko, haikutoa onyo lolote pale ulinganisho ambao jibu lake lingegeuka ulipofanyika. PHP 8 nayo haikusema kitu ilipokutana na mstari ule. Ilitoa jibu jipya kwa sauti ileile iliyotolea jibu la zamani. Linganisha na lililotokea Desemba 2015, PHP 7.0 ilipoondoa kabisa zile amri za zamani za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL zilizoanza na mysql_. Watu walilalamika sana, na tovuti nyingi zilizimika siku zilipohamishiwa toleo jipya. Lakini zilizimika waziwazi. Ukurasa ulikataa kufunguka, mwenye tovuti akajua saa hiyohiyo, na ujumbe wa hitilafu ukataja jina la amri isiyopatikana pamoja na namba ya mstari. Isitoshe, onyo lilikuwa limeanza kutolewa tangu toleo la 5.5 mwaka 2013. Mimi ningependelea mara kumi mfumo wa chama uzimike asubuhi moja kuliko uendelee kufanya kazi kwa wiki kadhaa ukiwaandikia faini watu wasio na hatia.

Katika mijadala ya kuhifadhi utangamano na msimbo wa zamani, yaani kuuacha uendelee kufanya kazi kwenye matoleo mapya, watu huhesabu ni programu ngapi zitavunjika. Nadhani hesabu hiyo inaficha tofauti iliyo kubwa kuliko idadi. Programu elfu zinazovunjika kwa kelele zitatengenezwa na watu elfu wanaojua la kutengeneza. Programu kumi zinazobadili maana kimya zinaweza kuendelea kutoa majibu yasiyo sahihi hadi mtu asiyejua lolote kuhusu programu, mhasibu au mwanachama mwenyewe, ashike karatasi mkononi na kuona haimwingii akilini. Na mtu huyo hayumo kwenye orodha ya wanaopiga kura. Mifumo mingi ya huku kwetu huandikwa mara moja na kulipiwa mara moja. Hakuna mkataba wa matunzo, hakuna majaribio ya kiotomatiki, na aliyeiandika huenda amehamia mji mwingine. Seva huboreshwa na mtu mmoja, programu iliandikwa na mwingine, na anayeitumia ni wa tatu. Mabadiliko ya kimya huteleza katikati ya watu hao watatu.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikirudi mara kwa mara kwenye kisa cha lugha ya Go na vigeu vya vitanzi (kitanzi ni kipande cha programu kinachorudiwa, na kigeu ni jina linaloshika thamani inayoweza kubadilika), ambacho kwa maoni yangu kinaonyesha namna kazi hii inavyoweza kufanywa kwa heshima. Go 1 ilitoka Machi 2012 ikiwa na ahadi ya maandishi kwamba programu zilizoandikwa kwa kufuata maelezo ya toleo hilo zitaendelea kufanya kazi katika matoleo yote ya Go 1 yatakayofuata. Lakini ndani ya lugha hiyo mlikuwa na mtego. Chukua kitanzi kinachopita kwa wanachama watatu na kuandaa kwa kila mmoja kazi ya kumtumia ujumbe baadaye. Kigeu kinachobeba jina la mwanachama kilikuwa kimoja tu kwa kitanzi kizima, kikibadilishwa thamani kila mzunguko. Kazi zote tatu zilishika kigeu kilekile, na wakati wa kutuma ulipofika, tayari kilikuwa na jina la mwanachama wa mwisho. Mwanachama wa tatu angepokea ujumbe mara tatu, na wawili wa kwanza wasipate kitu. Wazoefu wa Go walizoea kuandika ndani ya kitanzi mstari wa ajabu kama x := x, ambao kwa asiyejua unaonekana hauna kazi, lakini ndio uliokuwa ukitengeneza nakala mpya kwa kila mzunguko.

Mtego huo haukuwa wa wanafunzi tu. Mwishoni mwa Februari 2020, Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti vya usalama wa tovuti bila malipo, iligundua kwamba programu yake, iliyoandikwa kwa Go, ilikuwa na kosa la aina hii katika sehemu inayokagua tena kama mwenye tovuti ameruhusu taasisi hiyo itoe cheti. Ombi likiwa na majina kadhaa ya tovuti yanayohitaji kukaguliwa upya, programu ilichukua jina moja na kulikagua mara nyingi, badala ya kukagua kila jina mara moja. Vyeti vilivyoguswa vilikuwa 3,048,289.

Kwa hiyo haja ya kubadili ilikuwa wazi, lakini mabadiliko yenyewe yalikuwa ya kimya kwa asili yake: mstari uleule, bila herufi moja kubadilika, ungekuwa na maana nyingine. Waliotunza Go hawakutangaza tu kwamba kuanzia toleo fulani vitanzi vitafanya kazi hivi. Katika Go 1.21, Agosti 2023, waliruhusu anayetaka ajaribu tabia mpya kwa hiari yake. Kisha Go 1.22 ilipotoka Februari 2024, tabia mpya ilitumika tu kwenye msimbo ulio ndani ya moduli, yaani kifurushi cha mafaili ya programu, ambayo faili lake la maelezo, go.mod, linataja toleo la 1.22 au la baadaye. Faili lililoandikwa mwaka 2016 haliwezi kutaja toleo la 2024. Likikusanywa kwa kompaila mpya kabisa, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, linasomwa kwa maana aliyoikusudia mwandishi wake siku alipoliandika. Anayebadilisha namba ile kwenye go.mod ni mtu aliyekaa mbele ya msimbo wake, akijua anachofanya, siku aliyoichagua yeye.

Waliongeza pia zana ambayo, programu ikianza kushindwa majaribio chini ya tabia mpya, hupunguza wigo hatua kwa hatua hadi kuonyesha ni kitanzi kipi hasa kilicholeta tofauti. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ninaloliona zito kuliko yote katika kisa hiki. Yalikuwepo majaribio yaliyokuwa yakipita kwa miaka kisha yakaanza kushindwa, na sababu haikuwa kwamba tabia mpya imevunja kitu. Majaribio hayo yalipangwa kwenye orodha na kuendeshwa sambamba, na kwa sababu ya kile kigeu kimoja, yote yalikuwa yakijaribu mfano wa mwisho wa orodha peke yake. Mifano mingine yote haikuwahi kujaribiwa hata siku moja. Tabia mpya iliijaribu kwa mara ya kwanza, na baadhi ikaonekana ilikuwa na makosa tangu mwanzo.

Wazo la kuliacha faili lenyewe liseme linataka kusomwa kwa kanuni zipi si la Go peke yake. Lugha ya Python ililitumia mapema zaidi. Katika Python ya zamani, 7 ikigawanywa kwa 2 ilitoa 3, kwa sababu namba kamili zilipogawanywa desimali zilitupwa. Mwaka 2001 Moshe Zadka na Guido van Rossum, mwasisi wa Python, walipendekeza kubadili jambo hilo, na Python 2.2, iliyotoka Desemba mwaka huohuo, ikamruhusu mwandishi kuweka juu ya faili lake mstari wa from __future__ import division, akapata 3.5 ndani ya faili hilo tu. Tabia mpya haikuwa ya lazima hadi Python 3.0, Desemba 2008. Miaka saba. Nikisikia watu wakiitaja Python 3 kama mfano wa balaa la kuvunja utangamano, huwa nakumbuka kwamba ugawaji, uliokuwa mmoja wa mabadiliko ya kimya na ya hatari kuliko mengi, ndio pia uliotayarishwa kwa subira kubwa. Kilichowalemea watu ni mambo mengine, hasa namna maandishi na baiti (data ghafi) zilivyotenganishwa, ambako faili moja halikuweza kwa urahisi kuhama huku jirani zake zimebaki. Tarehe ya kusitisha matunzo ya Python 2.7, iliyokuwa imepangwa mwaka 2015, ilisogezwa hadi Januari 2020.

JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya vivinjari vya mtandao, ina hali ngumu zaidi, kwa sababu kivinjari hakichagui ukurasa umeandikwa mwaka gani; lazima kifungue wa jana na wa 1997 kwa injini moja. Mwaka 2018 ilibidi jina la amri mpya lililopendekezwa, flatten, liachwe na badala yake litumike flat, kwa sababu maktaba (mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari) ya zamani iitwayo MooTools ilikuwa imeweka amri yake yenye jina hilo, na tovuti zinazoitumia zilianza kuharibika. Wapo walioona ni aibu lugha nzima kuinama mbele ya maktaba iliyopitwa na wakati. Mimi niliona watu wanaojua kwamba kurasa zile zina wenyewe.

PHP haikukosa kifaa cha namna hii. Tangu toleo la 7.0 faili la PHP linaweza kuanza na tamko la strict_types, na aina za thamani zinazopitishwa kwenye amri zitakaguliwa kwa ukali ndani ya faili hilo tu. Mwaka 2019 Zeev Suraski, mmoja wa waliojenga msingi wa lugha hiyo, alitoa wazo aliloliita P++, la kuwa na lahaja ya pili yenye kanuni kali itakayoishi ndani ya injini ileile pamoja na PHP ya kawaida. Wazo hilo halikuungwa mkono, na naelewa sababu, kwani hakuna aliyetaka jamii ya waandishi igawanyike kambi mbili. Lakini kati ya lahaja mbili za kudumu na mabadiliko yanayolikumba kila faili kwa siku moja kuna njia pana, nayo ni ile ya tamko dogo juu ya faili kwa jambo moja mahususi. Ulinganisho wa alama mbili ungeweza kupewa tamko kama hilo. Au, kwa uchache kabisa, toleo moja zima lingeweza kutoa onyo kila jibu lilipoelekea kugeuka. Kumbukumbu zangu za hitilafu zingejaa maonyo kuhusu kisanduku cha faini kabla ya mwanachama yeyote kukataliwa mkopo.

Najua hoja ya upande wa pili, na si nyepesi. Kila tamko linaloruhusiwa ni maana mbili ambazo watunzaji wa lugha watazibeba kwa miaka, na msomaji wa msimbo hawezi tena kuelewa mstari kwa kuutazama wenyewe. Inabidi aangalie kwanza juu ya faili au kwenye faili la moduli. Lugha ya Rust imeikubali gharama hiyo wazi. Ina matoleo ya kanuni ya 2015, 2018, 2021 na 2024, na kila kifurushi hutaja lake, huku vifurushi vya miaka tofauti vikiunganishwa katika programu moja bila taabu. Watunzaji wake wamejiwekea mipaka ya yale yanayoweza kutofautiana kati ya mwaka na mwaka, kwa sababu mengine yasingeweza kuishi pamoja. Gharama ipo. Ila katika mpango wa Rust inabebwa na watu wanaoijenga lugha, wenye ujuzi na zana za kuibeba, na katika mpango wa mabadiliko ya kimya inashushwa hadi kwa karani wa dirisha la pili.

Kuna pia namna ya kuzuia tatizo lisizaliwe. Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google, ametoa jina lake kwa kanuni isemayo kwamba mfumo ukiwa na watumiaji wa kutosha, kila tabia yake inayoonekana itategemewa na mtu, hata ile isiyoahidiwa popote. Waliotengeneza Go walilijua hilo mapema: mpangilio wa vitu unapopita kwenye jedwali la funguo na thamani haukuahidiwa, nao wakaamua kuuvuruga kwa makusudi kila mara, ili pasiwe na programu itakayouzoea. Python ilikwenda kinyume. Mpangilio wa kamusi zake, yaani majedwali ya aina hiyohiyo, ulianza kama tokeo la uundaji wa ndani katika 3.6, watu wakaanza kuutegemea, na 3.7 mwaka 2018 ikaufanya kuwa ahadi. Njia zote mbili naziona za uaminifu, kwa sababu hakuna iliyomwacha mwandishi akitegemea kitu ambacho mwenye lugha anajua atakiondoa.

Mfumo wa chama nilioutengeneza sasa husoma kisanduku cha faini, hukataa maandishi yasiyo namba, na hugeuza kitupu kuwa sifuri waziwazi kabla ya kulinganisha chochote. Mistari ya faini za sifuri tuliifuta pamoja na mhasibu, jina kwa jina, yeye akisoma kutoka kwenye leja ya karatasi na mimi nikithibitisha kwenye jedwali, na wale waliokuwa wamekataliwa mkopo wakaitwa tena. Baada ya hapo nilitafuta alama mbili za usawa katika mafaili yote. Hakuna zana inayoweza kuniambia ni zipi zimegeuka maana, kwa kuwa jibu linategemea kile mtu alichoandika au kuacha kuandika upande wa pili wa fomu, kwa hivyo kwa kila moja namuuliza mhasibu: hapa makarani huandika nini pasipokuwa na kitu? Tumemaliza marejesho, hisa na dhamana. Limebaki faili la kugawa gawio la mwisho wa mwaka.